Kilichofichika Si Uchawi

Ndugu walimu wenzangu, nanyi wanafunzi msomao kurasa hizi,

Hakuna kosa lienealo upesi kama kosa la mwalimu. Kosa la mkulima huonekana shambani mwake, na mavuno yakiisha nalo limekwisha. Kosa la mwalimu hutembea kwa miguu ya wanafunzi wake, likaingia katika nyumba za watu asiowajua, likakaa humo kama mwenyeji. Naandika makala haya ili kuungama kosa langu moja, na papo hapo kuwashitaki wenzangu wanaoendelea kulitenda. Kosa lenyewe ni dogo kwa kulitazama: ni neno moja tu ubaoni. Neno hilo ni la Kiingereza, "occult", ambalo Kifaransa huliandika "occulte". Nasi tumezoea kuandika mbele yake neno moja la Kiswahili, "uchawi", kisha tukafuta ubao na kwenda zetu.

Nasema kwamba tafsiri hiyo ni ya uongo, kwamba ni ya uvivu, na kwamba ina madhara. Nitajitahidi kuyathibitisha yote matatu.

I. Yaliyotokea Cibitoke

Nakaa Cibitoke, katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Kwetu lugha hukutana kama wachuuzi sokoni. Kirundi ni lugha ya kila mtu. Kiswahili husemwa madukani, katika mabasi, na katika nyumba nyingi ambazo wenyewe walitoka Buyenzi au ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Kifaransa ni lugha ya hati na ya zahanati. Na Kiingereza, ambacho sheria ya mwaka 2014 ilikiingiza katika orodha ya lugha rasmi za nchi, hubisha hodi kila siku. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, sisi walimu wa lugha tumekuwa kama wapagazi: kila mzigo wa maneno uvukao mpaka hutua mabegani mwetu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha Kiingereza jioni, kwa njia ya Kiswahili. Katika kifungu tulichokisoma likatokea neno lile, na mwanafunzi mmoja akauliza maana yake. Saa ilikuwa imekwisha na chaki ilikuwa mkononi. Nikaandika: "occult, yaani uchawi". Wakanakili, wakaondoka.

Wiki chache baadaye, bibi wa kijana mmoja wa darasa lile alikwenda zahanati kwa sababu ya uchovu na kizunguzungu. Akapewa karatasi ya kupeleka maabara, na juu yake palikuwa pameandikwa kwa Kifaransa kwamba itafutwe "sang occulte" katika choo chake kikubwa. Kijana ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba, basi akaulizwa karatasi yasema nini. Neno la kwanza alilijua tangu shule ya msingi: damu. La pili alilijua pia, maana mwalimu wake alikuwa amemfundisha. Akasoma kwa sauti mbele ya bibi yake, mama yake na majirani wawili: "Wanataka kutafuta damu ya uchawi."

Bibi hakwenda maabara. Angekwenda kufanya nini, ikiwa hata daktari amekiri kwa mkono wake kwamba jambo hili si la hospitali? Alikaa nyumbani, akaanza kuhesabu ni nani aliyeingia mlangoni mwake mwezi ule na alileta nini. Hesabu ikasimama kwa wifi yake, mjane kama yeye, aliyekuwa amemletea chungu cha maharage. Majirani wawili waliosikia karatasi ikisomwa hawakukaa na habari hiyo peke yao.

Mama wa kijana alikuja kwangu siku ya Jumapili. Hakukubali kuketi. Alisimama mlangoni, akanipa ile karatasi, akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyemfundisha mtoto neno hili. Basi lisome wewe mwenyewe."

Nikalisoma, na uso wangu ukaniwaka. Maneno yale hayana maana yoyote ila "damu iliyofichika", yaani damu kidogo mno, ambayo jicho haliwezi kuiona na ambayo maabara huigundua kwa dawa. Damu ya namna hiyo yaweza kutoka katika kidonda cha tumbo, au kwa minyoo iletayo safura, au kwa kichocho cha matumbo kinachopatikana katika tambarare yetu ya Imbo na kando ya Ziwa Tanganyika, au kwa uvimbe wa saratani unaoanza. Daktari alikuwa akisema: kuna kitu hakionekani, tukitafute. Mimi, kwa mkono wa mwanafunzi wangu, nilikuwa nimesema: kuna kitu hakionekani, mkiogope.

II. Asili ya neno

Basi tulifungue neno hili, kama ilivyotupasa kulifungua tangu mwanzo. Kiingereza kililipata kutoka Kilatini, katika karne ya 16. Kilatini kilikuwa na kitenzi "occulere", maana yake kufunika au kuficha kabisa, na kutokana nacho kikapata "occultus", yaani kilichofichwa. Ndani yake umo mzizi wa kale wenye maana ya kufunika, na wana wa mzizi huo wametapakaa. Kutoka kwa ndugu yake "celare" limetoka neno la Kiingereza "conceal", yaani kuficha. Wataalamu wa asili za maneno hulihesabu katika ukoo huohuo neno "cella", chumba kidogo cha ndani, ambalo sisi wenyewe tumeliazima mara mbili: seli ya mwili na seli ya polisi. Hata neno la Kiingereza la jehanamu, "hell", limetoka katika mzizi huo kwa upande wa lugha za Kijerumani, kwa kuwa lilitaja kwanza mahali palipofunikwa pa wafu. Katika ukoo huu wote hamna mchawi hata mmoja. Kuna kifuniko, kuna chumba, kuna giza la ndani.

Hapa yanipasa kuvunja hadithi moja niliyoisikia katika kikao cha walimu, tena ikisemwa kwa sauti ya uhakika. Mwenzetu mmoja alieleza kwamba "occulte" limetokana na "culte", yaani ibada, na kwamba kitangulizi chake kina maana ya ubaya. Kwa hiyo "occulte" ni ibada mbaya. Wengi waliandika. Kwetu Burundi kosa hili lina mvuto, maana kila Jumapili watu huenda katika "culte", na masikio huyaona maneno haya mawili kuwa mapacha. Lakini si mapacha, wala si binamu. "Culte" limetoka katika kitenzi kingine kabisa cha Kilatini, "colere", maana yake kulima, kutunza, na hatimaye kuabudu. Ndicho kilichozaa "culture" na "agriculture". Mmoja ni mtoto wa jembe, mwingine ni mtoto wa kifuniko. Anayewaita ndugu kwa sababu wanafanana majina ni kama anayedai kwamba "kata" ya kuchotea maji na "kata" ya utawala ni kitu kimoja.

III. Safari ya maana

Najua jibu litakalonijia: "Mwalimu, asili ya neno si maana yake." Ni kweli, nami nakubali bila kinyongo. Neno letu "ustaarabu" lilianza kwa kutaja hali ya kufanana na Waarabu. Leo hakuna alisemaye kwa nia hiyo. Asili si hukumu. Lakini asili hutuonyesha njia ambayo neno limepitia, na mwalimu asiyeijua njia hawezi kujua neno limefika wapi.

Tuifuate njia hiyo. Kwanza neno lilikuwa na maana ya kawaida tu, "isiyoonekana". Shakespeare, ambaye wasomaji wetu wengi walimjua kwa Kiswahili cha Julius Nyerere, alilitumia katika tamthilia ya Hamlet kwa hatia ya mfalme aliyemwua ndugu yake kwa siri. Hatia ile imefichika. Haikurogwa na mtu. Wanafalsafa wa zama zile nao walisema juu ya "sifa zilizofichika" za vitu: kwa nini sumaku huvuta chuma? Ikiwa sababu yake haionekani wala haishikiki, waliiita kwa neno hilo.

Mwaka 1533 mwanachuoni Mjerumani, Heinrich Cornelius Agrippa, alikamilisha kuchapisha vitabu vyake vitatu vya falsafa ya mambo yaliyofichika. Humo alikusanya nguvu za mimea, mawe, tarakimu, nyota na malaika. Ni hapo hasa neno lilipoanza kuvaa kanzu ya elimu za siri, na katika karne ya 17 Waingereza walikuwa wamekwisha kulizoea katika maana hiyo. Lakini tazameni jambo moja. Agrippa huyuhuyu, mwaka 1519, alipokuwa mwanasheria wa mji wa Metz, alisimama kumtetea mwanamke wa kijijini aliyeshitakiwa kwa uchawi, akamwokoa. Mtu ambaye jina lake limefungamana na neno hili kuliko karibu wote wengine aliona wazi tofauti tunayoifuta ubaoni kwa chaki.

Baadaye Isaac Newton alipoeleza nguvu ya uvutano, Leibniz alimlaumu kwamba amerudisha zile "sifa zilizofichika", kwa kuwa Newton alionyesha jinsi nguvu hiyo ipimwavyo bila kueleza chanzo chake. Je, tungefasiri kwamba Leibniz alimshitaki Newton kwa kulifanya jua liroge dunia? Tungechekesha. Na katika karne ya 19, huko Ufaransa kisha Uingereza, ndipo neno lilipozaa jina la itikadi nzima ya watu waliojishughulisha na mizimu, utabiri na vyama vya siri. Maana hiyo ipo hadi leo, nami siikatai. Mwingereza akilisema neno hili likiwa jina lenye kibainishi mbele yake, mara nyingi ana nia ya mambo hayo. Lakini daktari hana nia hiyo, wala mnajimu wa sayansi hana.

Nimemtaja mnajimu kwa makusudi. Mwezi ukipita mbele ya nyota na kuifunika, wanasayansi hulitaja tendo hilo kwa neno la mzizi huohuo. Mwaka 1977 walikuwa wakiitazama nyota moja ikikaribia kufichwa na sayari ya Uranus. Kabla sayari haijaifikia, nyota ilififia mara kadhaa, na ilipotokea upande wa pili ikafifia tena vilevile. Hivyo ndivyo pete za Uranus zilivyogunduliwa. Kufichika kwa nyota kulifichua pete ambazo hakuna aliyekuwa amezijua. Huo ndio moyo wa neno hili katika elimu: kilichofichika huita mtafutaji.

IV. Hoja za wenzangu

Hoja ya kwanza: "Mwanafunzi anataka neno moja la mtihani, hana nafasi ya historia." Nauliza: tangu lini mtihani ukawa mkubwa kuliko maisha? Hata hivyo, neno moja lipo. Likiwa kivumishi, andikeni "-liofichika". Ni neno moja, ni la Kiswahili, na halimdanganyi mtu. Damu iliyofichika, sababu iliyofichika, hatia iliyofichika. Limeshindwa wapi?

Hoja ya pili: "Kiswahili hakina maneno ya kutofautisha mambo hayo." Hoja hii inanichoma kuliko zote, maana husemwa na watu wanaokula mshahara wa Kiswahili. Hebu tufungue ghala. Tuna "siri" na "sitiri", tuna "fumbo", tuna "batini" iliyo kinyume cha "dhahiri". Tuna "ghaibu", yaani kisichokuwapo mbele ya macho, na ndiyo maana aliyehifadhi maneno moyoni husemwa ameyasoma kwa ghaibu. Kwa upande wa ufundi tuna "unajimu" na "falaki" kwa mambo ya nyota, "ramli" kwa upigaji wa mchanga, "bao" kwa uaguzi, "hirizi" kwa kinga, "kupunga" kwa pepo, "uganga" kwa tiba, na mwisho kabisa tuna "uchawi" kwa nia ya kudhuru. Mswahili hakuyachanganya haya. Mganga na mchawi kwake ni kama zima moto na mchoma nyumba. Neno "mganga" latoka katika "kuganga", yaani kutibu, kama tusemavyo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Daktari wa serikali huko Tanzania huitwa mganga mkuu, na sisi Warundi humwita daktari wa hospitali "umuganga" bila kumtukana. Aliyewakusanya wote hawa katika kapu moja la "witchdoctor" ni mgeni asiyejua lugha. Kwa nini sisi wenye lugha tulibebe kapu lake?

Tena lugha yetu ina hekima ambayo Kilatini kingetuonea wivu. Karibu kila kitenzi chetu cha kuficha kina pacha wake wa kufichua: ficha na fichua, fumba na fumbua, funika na funua, ziba na zibua. Mtoto anayejifunza "fumbo" amekwisha kuwekewa "ufumbuzi" mlangoni. Yaani sarufi yenyewe yatuambia kwamba kilichofungwa chaweza kufunguliwa. Tukimpa mwanafunzi neno "iliyofichika", tumempa swali: nitaifichuaje? Tukimpa neno "uchawi", tumempa mshitakiwa wa kutafutwa.

Kirundi nacho kina ushahidi wake. Siri kwa Kirundi ni "ibanga", na ibanga ni jambo la heshima. Chini ya wafalme wa Burundi walikuwako "abanyamabanga", walinzi wa mambo ya siri ya ufalme, ya makaburi ya wafalme, ya ngoma, na ya sikukuu ya Umuganuro, iliyofungua msimu wa kupanda mtama hadi ilipokoma chini ya utawala wa kikoloni, mwishoni mwa miaka ya 1920. Watu hao walificha mengi, wala hawakuwa wachawi, walikuwa waaminifu. Ngoma zenyewe, zilizokuwa kiini cha siri hizo, UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Na leo katibu wa ofisi yoyote kwa Kirundi ni "umunyamabanga", mtu wa siri, kama vile Kiingereza nacho kilivyomwita katibu "secretary" kutokana na neno la siri. Ikiwa kila kilichofichika ni uchawi, basi makatibu wetu wote wajihadhari.

Hoja ya tatu huletwa na wenzetu wenye dini, nami naisikiliza kwa adabu. Wengine husema: "Afadhali kulitisha neno hili, ili vijana wasichezee mizimu." Wengine husema: "Ghaibu ni elimu ya Mungu peke yake, usilitumie neno hilo kwa wapiga ramli." Hao wa pili wana haki, na ndiyo sababu siwashauri walimu kuandika "ghaibu" kila mahali, neno lenye heshima ya dini lisiburutwe katika kila sentensi. Lakini hao wa kwanza nawaambia: anayetaka kuonya aonye kwa maneno ya kweli. Ukitaka kumkataza kijana kupiga ramli, mwambie "usipige ramli". Usimfundishe kwamba kila asichokiona ni mkono wa jirani yake.

V. Neno na roho za watu

Huenda msomaji akadhani nimekuza jambo la bibi mmoja wa Cibitoke. Basi tutazame lililo kubwa zaidi.

Tanzania ina Sheria ya Uchawi, ambayo mizizi yake ni amri ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika ya mwaka 1928. Sheria hiyo, katika kueleza maana ya uchawi, hutaja pamoja na mambo mengine mtu kudai kwamba ana nguvu au maarifa ya namna hii ielezwayo kwa neno letu hili hili, "occult". Sasa, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama za Tanzania, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinapaswa kuvaa Kiswahili. Hebu mwanafunzi wetu aliyenakili ubaoni "occult, yaani uchawi" apewe kazi ya kukifasiri kifungu hicho. Ataandika kwamba uchawi ni pamoja na kudai kuwa na nguvu za uchawi au maarifa ya uchawi. Yaani uchawi ni uchawi. Kifungu kilichokusudiwa kueleza hakitaeleza kitu, na hakimu ataachwa ajaze pengo kwa fikra zake. Na akiandika "maarifa ya mambo yaliyofichika", itaonekana mara moja jinsi Waingereza walivyotandaza wavu mpana, wavu uwezao kumnasa mnajimu, mpiga ramli na mtabiri pamoja na mwenye sumu. Tafsiri ya kweli huiweka sheria wazi ili watu waijadili. Tafsiri ya uongo huificha.

Wala si sheria tu. Katika sehemu za Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni watosha kuyaeleza. Sababu ilikuwa imefichika, nayo ilikuwa moshi. Miaka ya 2007 na 2008 watu wenye ulemavu wa ngozi walianza kuwindwa Tanzania na hapa Burundi kwa ajili ya viungo vyao; mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi, mashariki mwa nchi yetu, iliwahukumu watu kwa mauaji hayo, na mwezi wa Januari mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilifuta leseni za waganga wa jadi wote, wenye hatia na wasio na hatia. Wauaji walikuwa wauaji, nao walistahili jina hilo. Lakini mahali ambapo lugha haimtofautishi mwuaji na mtabibu, muuza ndoto na mchimba mizizi, ni vigumu kumkamata mwovu bila kumkanyaga mwema, na ni rahisi kwa mwovu kujificha kati ya wema.

Sidai kwamba kamusi ingewaokoa wote waliokufa. Nadai tu kwamba mwalimu hana ruhusa ya kuongeza hata tone moja katika mto huo.

VI. Yatupasayo

Basi napendekeza mambo manne, nami nawaomba wenzangu wayapinge kwa hoja ikiwa wanayo.

Kwanza, neno hili likiwa kivumishi cha kawaida au cha utabibu, lifasiriwe "-liofichika" au "-siyoonekana", wala si vinginevyo.

Pili, katika elimu ya nyota isemwe "kufichwa": kufichwa kwa nyota na mwezi, kama tusemavyo kupatwa kwa jua.

Tatu, likiwa jina la elimu za siri za Ulaya au za kwingineko, iandikwe "elimu za siri" au "elimu ya mambo yaliyofichika", kisha kitajwe kilichokusudiwa: unajimu, ramli, uaguzi, au kinginecho. Kiswahili kina majina, tuyatumie.

Nne, neno "uchawi" libaki na kazi yake ya asili, yaani tuhuma ya kudhuru kwa njia za siri, na liandikwe kwa uangalifu uleule ambao mtu hutumia kuandika neno "mwizi" mbele ya jina la mtu.

Juu ya yote, saa ikiisha kabla hatujalimaliza neno, tuwaambie wanafunzi: "Neno hili tutalifungua kesho." Hakuna aibu katika maneno hayo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mwalimu ambaye hajachota ndani ya neno asijifanye kujua kilichomo.

Mtauliza habari za yule bibi. Nilikwenda nyumbani kwao jioni ileile, nikaketi mkekani, nikamweleza mbele ya mjukuu wake kwamba mimi ndimi niliyekosea, wala si mtoto. Nikamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humwumbua, na kwamba karatasi ile haikuwa ikimshitaki mtu. Ilikuwa ikitaka kuyafichua maradhi tu. Alininyamazia kwa muda mrefu, kisha akaomba kanga yake. Kesho yake alikwenda maabara. Alikutwa na kidonda cha tumbo, akapewa dawa, na mpaka naandika haya yu hai na bado hunikemea akiniona nikipita kwa haraka.

Lakini wifi yake hapiti tena mlango ule. Alisikia lililosemwa juu ya chungu chake cha maharage, na hakuna aliyeweza kumwambia lirudi kinywani. Daktari aliifichua damu iliyofichika. Neno nililoliandika mimi ubaoni hakuna maabara iwezayo kulitoa. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, mlio na chaki mkononi leo.

Mwalimu wa lugha,
Cibitoke, Bujumbura